“Which”, “that” au kimya: virejeshi vya vitu katika Kiingereza

Sentensi ya Kiingereza “The machine which we bought it last year is broken” haina kosa la msamiati, haina kosa la wakati, na kila neno lililomo limeandikwa sawasawa. Hata hivyo, msomaji aliyekulia katika lugha hiyo hukwama mara anapofika kwenye “it”, kwa sababu neno hilo limekalia nafasi ambayo imekwisha kuchukuliwa na neno jingine. Kosa hili hujitokeza mara kwa mara katika maandishi ya watu wanaofikiri kwa Kiswahili, na si ajabu likapita bila kuelezwa vizuri, kwa kuwa mafunzo ya virejeshi vya vitu yamezoea kuzunguka swali moja tu, yaani iandikwe “which” au “that”. Swali hilo lina uzito wake na tutalifikia, ila si mahali pazuri pa kuanzia. Kwanza inafaa kuona kirejeshi kinafanya kazi gani ndani ya kishazi chake, maana hapo ndipo sarufi ya Kiswahili na ya Kiingereza zinapoachana.

Kishazi rejeshi ni sentensi nzima iliyofanywa sifa ya nomino. Badala ya kusema kwamba kuna mashine, na kwamba mashine hiyo tuliinunua mwaka jana, tunasema kwa mkupuo mmoja “mashine tuliyoinunua mwaka jana”. Kiswahili kina njia mbili kuu za kufanya hivyo: ama tunapachika O-rejeshi, yaani kipande kama “-yo-” au “-cho-”, ndani ya kitenzi chenyewe, ama tunaiweka kwenye shina “amba-” na kusema “mashine ambayo tuliinunua”. Kwa vyovyote vile, nomino husikika ikirejelewa mara mbili, kwanza katika “-yo” na tena katika kiambishi cha shamirisho “-i-” kilichotangulia mzizi wa kitenzi. Kiambishi hicho cha pili si cha lazima kila mara, kwani “mashine tuliyonunua” nayo inasimama, lakini kikiwapo hakiudhi sikio la mtu.

Kiingereza hakikubali urejeshi wa mara mbili wa namna hiyo. Ndani yake kirejeshi si alama ya kuunganisha tu, bali chenyewe ndicho kiima (mtenda) au ndicho shamirisho (mtendwa) la kishazi. Tuchukue sentensi mbili, “The machine is broken” na “We bought it last year”. Ili kuziunganisha, “it” huondolewa, nafasi yake hutwaliwa na “which”, kisha “which” husogezwa hadi mwanzo wa kishazi chake ili kikae karibu na “machine”. Baada ya kitenzi “bought” hubaki pengo, na pengo hilo ni la lazima: “The machine which we bought last year is broken”. Anayerudisha “it” mahali pale huwa amekipa kitenzi kimoja mashamirisho mawili yanayotaja kitu kile kile. Njia rahisi ya kujikagua ni kukifunika kirejeshi kwa kidole na kusoma kishazi kilichobaki. Kikisomeka kama sentensi kamili, kama “we bought it last year”, kuna neno lililozidi. Kikisomeka kama sentensi yenye tundu, kama “we bought last year”, mambo yako sawa.

Upande wa kiima kosa hili ni adimu zaidi, ingawa halikosekani. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha nafsi au ngeli, kwa hiyo katika “barabara inayoelekea mtoni” mna “i-” ya kiima na “-yo-” ya urejeshi bega kwa bega. Anayeihamisha picha hiyo jinsi ilivyo huandika “the road which it leads to the river”, wakati kiima cha “leads” tayari ni “which” na hakihitaji msaidizi.

Haifai kuyachukulia makosa haya kama dalili ya uzembe. Mwaka 1977 wanaisimu Edward Keenan na Bernard Comrie walichapisha uchunguzi wao kuhusu namna lugha mbalimbali za dunia zinavyounda vishazi rejeshi, na walionyesha kwamba lugha nyingi huacha kiwakilishi ndani ya kishazi ili kuitunza nafasi ya nomino iliyorejelewa. Kiarabu na Kiebrania ni miongoni mwazo. Walionyesha pia kwamba kuna ngazi ya ugumu: kiima ndicho rahisi kurejelewa, kikifuatwa na shamirisho, kisha nomino zinazofuata kihusishi (neno kama “in” au “with”), kisha zenye kumiliki, na kadiri lugha inavyoshuka kwenye ngazi hiyo ndivyo haja ya kuacha kiwakilishi inavyoongezeka. Wenye Kiingereza wenyewe huteleza hapo. Katika mazungumzo, mtu akijikuta ndani ya muundo uliojikunja, husema kitu kama “a report which I don't know who wrote it”, na wasikilizaji humwelewa bila shida. Katika maandishi, sentensi hiyo haina budi kupangwa upya.

Ngazi ya vihusishi ndiyo yenye mitego mingi zaidi kwa mwenye Kiswahili, na inastahili kukaliwa kwa muda. Kiswahili kina namna mbili za kukifanya kihusishi kitoweke. Ya kwanza ni virejeshi vya mahali, “-po”, “-ko” na “-mo”, ambavyo vimebeba ndani yao maana ya mahali dhahiri, mahali pasipo dhahiri na ndani: tunasema “nyumba ninamoishi” na hatuhitaji kitu kingine. Tena wengi siku hizi husema tu “nyumba ninayoishi”, na msikilizaji hujijazia mwenyewe. Ya pili ni kauli ya kutendea. Katika “kalamu niliyoandikia”, “kiti nilichokalia” na “kisu nilichokatia kamba”, kiambishi “-i-” au umbo lake jingine “-li-” ndani ya kitenzi hufanya kazi ambayo Kiingereza huigawia “with” au “on”. Kihusishi kimemezwa na kitenzi, kwa hiyo mwandishi hakioni, na asichokiona hawezi kukihamisha.

Matokeo yake ni sentensi kama “the house which I live” na “the pen which I wrote”. Ya kwanza haikubaliki kabisa, kwa kuwa kitenzi “live” hakipokei nyumba kama shamirisho la moja kwa moja. Mtu huishi “in a house”. Ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu kisarufi inaonekana kamili ilhali inasema jambo la ajabu, kwamba kalamu ndiyo kitu kilichoandikwa, kama vile barua inavyoandikwa. Dawa ni ile ile ya kuvunja sentensi katika mbili. “I wrote with the pen”, “I live in the house”, “the success of the plan depends on the weather”: kila kihusishi kilichomo katika sentensi ya asili ni lazima kionekane mahali fulani katika kishazi rejeshi.

Mahali penyewe pa kukiweka ni suala la mtindo. Mtu anaweza kukitanguliza, “the pen with which I wrote”, au kukiacha nyuma pale kilipokuwa, “the pen which I wrote with”, au kukiacha nyuma na kukidondosha kirejeshi, “the pen I wrote with”. Zote tatu ni Kiingereza sahihi. Ile ya kwanza ina sura ya maandishi rasmi, ile ya tatu ndiyo inayotoka kinywani kwa urahisi zaidi. Ile imani kwamba sentensi isiishie kwa kihusishi ina historia ndefu: mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, aliyekuwa amekwisha kufariki, kwa tabia hiyo, na tangu hapo walimu wa vizazi vingi wakaigeuza kuwa amri. Lugha yenyewe haijawahi kuifuata. Kuna hata vitenzi ambavyo vimeungana na vihusishi vyake kiasi kwamba kuvitenganisha huleta kichekesho. “The key I was looking for” inapendeza, lakini “the key for which I was looking” inasikika kama mtu aliyevaa suti kwenda kuoga. Kinachopaswa kuepukwa kwa vyovyote ni kukiweka kihusishi kile kile mbele na nyuma kwa pamoja, “the house in which I live in”, kosa la mwandishi aliyeikumbuka kanuni baada ya kuwa amekwisha kuandika.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza isiyo na mjadala kati ya “which” na “that” inapojitokeza. Kihusishi kikitangulizwa, kirejeshi kinachofuata lazima kiwe “which”. Hakuna “the pen with that I wrote”, wala “the speed at that it moves”. Sababu yake ni kwamba “that” ya urejeshi, kwa mujibu wa wanaisimu wengi, si kiwakilishi halisi, bali ni kile kiunganishi kinachoonekana katika “I know that it is late”. Kama kiunganishi hicho, hutamkwa kwa wepesi bila mkazo, hakibadiliki kwa idadi wala kwa nafasi, na hakiwezi kushikwa na kihusishi kwa sababu si jina la kitu. Anayekubali maelezo haya huona mara moja kwa nini “that” ni nyepesi kuliko “which” na kwa nini huweza kuangushwa bila sentensi kuporomoka.

Tofauti ya pili inatokana na kazi ambayo kishazi kizima kinaifanya kwa nomino. Kuna vishazi vinavyobainisha ni kitu kipi kinachozungumzwa, na kuna vinavyoongeza habari juu ya kitu ambacho tayari kinajulikana. “The windows which face the road need cleaning” inatenga baadhi ya madirisha, yale yanayotazama barabara, na haisemi neno juu ya mengine. “The windows, which face the road, need cleaning” inasema kwamba madirisha yote yanahitaji kusafishwa, na kwa nyongeza inatuarifu kwamba yote yanatazama barabara. Mikato miwili imebadilisha idadi ya madirisha ya kusafisha. Katika mkataba wa kazi, tofauti hiyo ni fedha.

Kiswahili hakimlazimishi mwandishi kuamua jambo hili kwa alama. “Amba-” hutumika pande zote mbili, mkato huwekwa au huachwa kwa kadiri ya pumzi ya mwandishi, na muktadha ndio humaliza kazi. Kwa hiyo anayeandika Kiingereza hana budi kujiuliza swali ambalo lugha yake haikumzoesha kujiuliza: nikikiondoa kishazi hiki, msomaji atajua bado ninataja kitu gani? Akijua, kishazi ni cha nyongeza na kizungukwe na mikato. Asipojua, kishazi ni cha kubainisha na mikato iondoke. Majina ya pekee huwa yamekwisha kujibainisha yenyewe, ndiyo maana huandikwa “The Nile, which flows into the Mediterranean, rises far to the south”, kwa kuwa Nile ni mmoja tu. Kwa mantiki hiyo hiyo, “my car, which is ten years old” ni maneno ya mwenye gari moja, na “my car which is ten years old” ni maneno ya mtu mwenye magari kadhaa anayetaka lile kuukuu litofautishwe na mengine.

Katika vishazi vya nyongeza, “that” haitumiki katika maandishi ya leo, na wala kirejeshi hakiwezi kudondoshwa. Baada ya mkato wa nyongeza ni “which” peke yake kwa vitu. Kanuni hii haina upande wa Uingereza wala wa Marekani.

Ubishi wote uliobaki uko ndani ya vishazi vya kubainisha. Je, ni “the windows which face the road” au “the windows that face the road”? Kisarufi zote mbili ni sahihi, na zimekuwa sahihi kwa karne nyingi. Kati ya virejeshi hivi viwili, “that” ndicho mzee, na mizizi yake ya urejeshi iko katika Kiingereza cha Kale. “Which” lilikuwa neno la kuulizia lililoingia katika urejeshi baadaye, na lilipoingia halikujali kama linarejelea kitu au mtu. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 iliyoidhinishwa na Mfalme James inaanza Sala ya Bwana kwa “Our Father which art in heaven”, pale ambapo Kiswahili kinasema “Baba yetu uliye mbinguni”. Mgawanyo wa leo, “who” kwa watu na “which” kwa vitu, ulikuwa bado haujakamilika. Karne moja baadaye, mwaka 1711, gazeti la The Spectator la London lilichapisha maombi ya mzaha ambamo “Who” na “Which” wanalalamika kwamba “That” amewapora nafasi zao. Mzaha huo uliigeuza historia juu chini, kwani aliyeshtakiwa kwa uvamizi ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Pendekezo la kugawa kazi, kwamba “that” kibainishe na “which” kiongeze, lilipata nguvu kupitia kamusi ya matumizi ya Kiingereza ya H. W. Fowler iliyotoka mwaka 1926. Fowler aliona kwamba mgawanyo huo ungeleta uwazi, lakini alikuwa mkweli wa kutosha kukiri kwamba waandishi wengi, hata walio bora, hawakuwa wakiufuata. Wahariri wa Marekani waliupokea kwa bidii hadi ukawa desturi ya vyumba vingi vya uhariri, na “which” isiyo na mkato mbele yake huko huonekana kama doa. Uingereza imebaki na ulegevu wake, ingawa wapo wahariri wa huko pia wanaopenda mgawanyo huo. Kwa maoni yangu, mwandishi asiye na mhariri wa kumwamulia afuate “that” katika kubainisha, si kwa sababu “which” ni kosa, bali kwa sababu atapunguza uwezekano wa kusomwa vibaya pale mkato unapopotea. Mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa kuandika “the book which I read”, hata hivyo, anaadhibu Kiingereza safi.

Kuna mazingira ambamo hata Waingereza huegemea “that”. Baada ya “all”, “everything”, “nothing”, “something” na “the only”, na baada ya vivumishi vya kiwango cha juu kabisa, “that” au kimya ndiyo kawaida: “everything that was said”, “the best solution that has been proposed”, “the only thing I remember”. Hapa pia hujitokeza kosa la kuandika “everything what was said”. Neno “what” ni kirejeshi kilichobeba nomino yake tumboni. Maana yake ni “kile ambacho”, kama tunavyosema “alichokisema” bila kutaja jambo lolote kabla. Kwa hiyo “What she said was true” ni sawa, lakini nomino ikiwa imekwisha kutajwa, “what” hana pa kukaa.

Kuhusu kukidondosha kirejeshi, kanuni ni fupi kuliko woga unaoizunguka. Kikiwa shamirisho, au kikiwa kimefuatwa na kihusishi kilichoachwa nyuma, kinaweza kuondoka: “the machine we bought”, “the system we rely on”. Kikiwa kiima, kinabaki. “The machine broke down yesterday was new” humpoteza msomaji, kwa kuwa amekwisha kukifanya “broke” kitenzi kikuu cha sentensi kabla hajakutana na “was”, na hapo inambidi arudi nyuma aanze upya. Wanaotoka katika Kiswahili, ambamo urejeshi hauna budi kuwa na alama, huogopa kimya hiki na kukidhania kuwa lugha ya mitaani. Si hivyo; kimejaa katika maandishi mazito ya kila aina. Pale tu kishazi kinapokuwa kirefu, au kinapotenganishwa na nomino yake, inafaa kirejeshi kiandikwe ili msomaji apate pa kushika.

Mpaka kati ya kitu na kisicho kitu nao haulingani katika lugha hizi mbili. Ngeli ya A-WA huwajumuisha wanyama, kwa hiyo “ng'ombe ambaye amepotea” hutumia kirejeshi kile kile cha mtu, na anayekihamisha huandika “the cow who is lost”. Kwa Kiingereza cha kawaida, mnyama ni “that” au “which”, isipokuwa anapokuwa na jina lake au anapopendwa kama mmoja wa familia, ambapo “who” hukubalika na pengine “which” huonekana ya kikatili. Makampuni, nchi na taasisi ni vitu, ingawa Waingereza wanapoitazama timu kama kundi la watu huweza kuandika “the team who are”, wakibadilisha kirejeshi na kitenzi kwa pamoja.

Kinachowashangaza wengi ni umiliki. Kwa kuwa “whose” inafanana na “who”, wanafunzi huamini kwamba vitu haviwezi kuitumia, kisha huangukia “the house which its roof leaks”, tafsiri ya moja kwa moja ya “nyumba ambayo paa lake linavuja”. Hiyo “its” ni ndugu wa “it” tuliyoanza nayo, kiwakilishi kilichoachwa ndani ya kishazi kisichokihitaji. Kiingereza husema “the house whose roof leaks”, na tangu zamani “whose” imekuwa ya wote: katika Kiingereza cha Kale umbo lake la umiliki lilitumika kwa neno la kuulizia mtu na kwa lile la kuulizia kitu pia. John Milton, katika mistari ya mwanzo ya Paradise Lost, shairi lililochapishwa mwaka 1667, aliuandikia mti “that forbidden tree whose mortal taste”. Wapo wanasarufi waliokuja kulipinga tumizi hilo na kudai iandikwe “the house the roof of which leaks”. Umbo hilo lipo na si kosa, lakini ni zito, na mwandishi akilitumia mara mbili katika ukurasa mmoja atakuwa amemchosha msomaji bure.

Muundo wa “of which” una thamani zaidi baada ya maneno ya idadi. “He wrote many letters, most of which were lost” ni sentensi moja iliyofungwa vizuri, wakati “He wrote many letters, most of them were lost” ni sentensi mbili zilizounganishwa kwa mkato usio na uwezo wa kuunganisha. Kosa hili hupenya kwa sababu Kiswahili hukubali bila manung'uniko “Aliandika barua nyingi, nyingi kati yake zilipotea”.

Kuhusu mahali, wakati na sababu, “where”, “when” na “why” huchukua nafasi ya kihusishi pamoja na “which”, kwa hiyo “the town where I was born” ni sawa na “the town in which I was born”. Jambo la kuangalia ni kwamba si kila mji huitwa “where”. “The town which I visited” inataka “which”, kwa kuwa “visit” hupokea mji kama shamirisho bila kihusishi. Na neno “way” halifuatwi na “how” kamwe: ni “the way it works”, au kwa urasmi zaidi “the way in which it works”.

“Which” ina matumizi mengine ambayo “that” haina, nayo ni kurejelea si nomino bali kauli nzima iliyotangulia, kama katika “The lift stopped working, which surprised nobody”. Kilichotarajiwa na wote si lifti, ni kule kuacha kufanya kazi. Kiswahili hapo huongeza nomino ya kushikilia urejeshi, tukasema “jambo ambalo halikumshangaza mtu”, na ziada hiyo hutukinga dhidi ya utata ambao Kiingereza hukaribisha. “She sold the old piano, which upset her brother” inaweza kumaanisha kwamba kuuzwa kwa piano ndiko kulikomkera ndugu yake, au kwamba piano yenyewe ilikuwa ikimkera siku zote. Mwandishi anayeona mwanya huo anaweza kufanya kwa Kiingereza kile kile tunachofanya kwa Kiswahili, akaandika “a decision which upset her brother”, na utata ukaondoka.

Linabaki suala la upatanisho, ambalo ndani yake Kiswahili kinatupa faida. “Which” na “that” havionyeshi umoja wala wingi, kwa hiyo kitenzi kinachofuata ndicho kinachobeba mzigo huo, na hata wenye lugha huyumba katika “one of the machines that have broken down”, ambapo wengi huandika “has” kwa kuvutwa na “one”. Mwenye Kiswahili hana sababu ya kuyumba. Tunasema “mojawapo ya mashine zilizoharibika”, na “zi-” pamoja na “-zo-” zinatuambia wazi kwamba zilizoharibika ni nyingi na kwamba tunayoitaja ni moja katika kundi hilo. Kwa hiyo ni “have”. Neno “only” likiingia hesabu hugeuka: katika “the only one of the machines that has broken down” iliyoharibika ni moja tu, “mashine pekee iliyoharibika”, na kitenzi kinarudi kwenye umoja.